Mwaka wa panya Lindi: nani aliwazaa wote wale?

Najua nimepotea hapa kwa wiki tatu nzima. Walioniuliza "vipi, umeacha kuandika?" nawajibu hapahapa: sijaacha, ni tesiti na asaimenti tu, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo Jumapili hosteli iko kimya, wenzangu wameenda mjini, huku Mazimbu mvua inanyesha taratibu na mimi nina stori ndefu. Kachukue chai yako kabisa ndiyo urudi.

Stori yenyewe inahusu panya. Tena inahusu uzazi wa panya. Msikimbie bwana, mtaona inapoishia.

Ilianza darasani. Kwenye semina tuliambiwa kila mtu achague mnyama mmoja wa Tanzania, aeleze historia ya jinsi uzazi wake ulivyochunguzwa: nani alianza, nani akafuata, wakagundua nini. Wenzangu haraka haraka wakanyakua tembo, simba, sokwe wa Gombe. Mimi nilichelewa kufika (kama kawaida yangu), nikakuta kilichobaki ni panya shamba. Darasa zima likacheka. Kaka mmoja wa nyuma akasema, "Afadhali kapewa mtu wa Kusini, akimaliza kumsoma anamla." Watani zangu, niliwasikia. Kwa taarifa yenu sisi wa Kilwa pwani panya hatuli, wanaokula ni jirani zetu wa bara, na wao wanasema ni mtamu. Tuyaache hayo.

Jioni nikampigia bibi yangu, mama yake mama. Yuko kijijini, bara kidogo ukitokea Nangurukuru. Nilitaka kumchekesha tu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Umekula?"

"Nimekula bibi. Bibi, huku chuoni nimepewa nisome habari za panya."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Basi wakisha kukufundisha, uniambie. Ule mwaka wa panya, wale panya walitoka wapi?"

Mimi nilikuwa nausikia tu huo mwaka wa panya. Kwetu wazee hawahesabu miaka kwa kalenda, wanahesabu kwa matukio: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa mafuriko, mwaka wa panya. Shuleni historia ya Kilwa niliyofundishwa ni ya Ibn Battuta aliyepita 1331, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, halafu Vita vya Maji Maji vya 1905. Panya hawamo. Lakini usiku ule bibi alinisimulia mambo ambayo hata mama hajawahi kuniambia.

Alisema msimu wa kabla yake mvua za mwanzo zilikuja mapema na hazikukatika, watu wakafurahi. Msimu uliofuata walipanda mahindi, asubuhi wakakuta mashimo madogo yamefuata mstari mzima, kila shimo la mbegu limefukuliwa, punje imeliwa. Wakapanda tena. Ikaliwa tena. Mara ya tatu mbegu zikawa hazipo, kwa sababu zile za kupanda ndizo zilikuwa chakula cha mwisho ndani. Usiku ukiwasha kibatari unaona ukuta unatembea. Mama yangu alikuwa darasa la pili, alikuwa analala na fimbo.

Sasa sikilizeni hii. Bibi alikuwa na dada yake, sisi tunamwita bibi mkubwa. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, limepakana na mashamba yaliyoachwa yakawa pori. Panya walionekana kwake kwanza. Na bibi mkubwa hakujaaliwa mtoto. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili kwa sababu hiyohiyo. Basi maneno yakaanza kisimani, yakaenda msikitini, yakarudi na watu wazima: yule hana mtoto kwa sababu watoto wake ndio hawa. Anazaa panya.

Hakupigwa, namshukuru Mungu. Lakini watu waliacha kumsalimia, wakaacha kuchota maji akiwa pale. Alivumilia miezi michache, akafunga mzigo, akaenda Lindi mjini kukaa kwa ndugu. Hakurudi tena. Alifariki mwaka niliozaliwa mimi, na jina ninalolitumia ni lake. Hilo la jina nilikuwa nalijua siku zote. Sababu ya yeye kuhama ndiyo nilikuwa siijui.

Kwa hiyo asaimenti ikageuka. Nikawa sisomi kwa ajili ya maksi.

Nilianza na jambo dogo: je, huo mwaka wa panya ni kweli au ni simulizi za wazee? Ni kweli kabisa. Mwaka 1989 na 1990 mkoa wetu wa Lindi ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa panya shamba, na upo kwenye maandishi ya kisayansi. Mwaka 2002 watafiti watatu Watanzania, Mwanjabe, Sirima na Lusingu, walichapisha makala kwenye jarida la kimataifa kuhusu hasara ya mazao iliyoletwa na milipuko ya panya hao mkoani Lindi. Nilipoona neno Lindi kwenye kichwa cha habari nilisimama kwenye kiti pale maktaba, mlinzi akaniangalia vibaya.

Na kumbukeni Kusini ya miaka ile ilikuwaje. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla yake ilikuwa kivuko cha Ndundu na barabara ya udongo, mvua ikishika mnakaa njiani siku kadhaa. Korosho nazo zilikuwa zimeporomoka vibaya katika miaka ya 80, hela hakuna. Mtu akila mbegu zake alikuwa hana pa kukimbilia.

Sasa tumjue mhusika. Kwanza tumtenganishe na panya wa nyumbani, yule mweusi wa darini. Yule ni mgeni, asili yake Asia, alikuja na vyombo vya biashara. Mifupa iliyochimbuliwa kwenye miji ya kale ya pwani, kama Unguja Ukuu, imeonesha kwamba alikuwa ameshafika huku kabla ya mwaka 1000. Kwa hiyo ni mgeni wa zamani kama biashara yenyewe ya Bahari ya Hindi. Lakini panya shamba ni mwenyeji wa Afrika. Jina lake la kisayansi ni Mastomys natalensis, alielezwa kwa mara ya kwanza na Andrew Smith mwaka 1834 kutoka Natal, Afrika Kusini, ndiyo maana ya hilo natalensis. Ni mdogo, rangi ya udongo, ukimwona peke yake wala hatishi.

Kinachotisha ni tumbo lake. Panya jike wa kawaida ana chuchu 10 au 12. Huyu anaweza kufikisha 24! Mimba yake inachukua siku 23 hivi, anazaa kwa wastani watoto 11 hivi kwa mkupuo mmoja, na muda mfupi tu baada ya kuzaa anaweza kupata mimba nyingine huku ananyonyesha. Kuhusu ndoa tusiongee... mwaka 2008 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vinasaba vya panya wa hapa Morogoro, wakaonesha kwamba dume anapanda majike wengi na jike naye anapandwa na madume wengi. Hakuna mume wala mke pale. Darasani niliposema hivi wale wa nyuma walipiga makofi, sijui walikuwa wanashangilia nini.

Haya, historia ya utafiti wenyewe. Zamani watu walijua panya wanaleta hasara, lakini walifikiria zaidi namna ya kuwaua kuliko namna wanavyozaliwa. Mwaka 1959 Chapman na wenzake walichapisha utafiti juu ya ukuaji na uzazi wa panya huyu Tanganyika. Mwaka 1976 Taylor na Green wakatoa wa kwao kutoka Kenya, wakiunganisha vitu vitatu: mvua, chakula na uzazi. Kuanzia 1981 hadi 1985 Mmarekani Telford alimfuatilia panya shamba hapahapa Morogoro, matokeo yake yakatoka 1989. Angalieni huo mwaka. Ndio uleule ambao kwetu watu walikuwa wanalala na fimbo.

Halafu wakaja Wabelgiji wa Chuo Kikuu cha Antwerp wakishirikiana na Chuo cha Kilimo cha Sokoine na kituo cha serikali cha kudhibiti panya hapa Morogoro. Kijana wao mmoja, Herwig Leirs, alimaliza shahada ya uzamivu mwaka 1992 kwa kumsoma huyu panya. Pamoja nao wapo Watanzania ambao majina yao mtayakuta kila ukurasa ukisoma mambo ya panya Afrika: Machang'u, Makundi, Massawe, Mulungu, Mwanjabe. Hapa chuoni kuna shamba linaitwa MOSA. Tangu 1994, kwa zaidi ya miaka 20, pale kwenye hekta 3 ilikuwa inatandikwa mitego 300 kila mwezi, siku tatu mfululizo. Ni vijisanduku vya bati, ndani wanaweka karanga zilizosagwa zimechanganywa na unga wa mahindi. Panya akiingia mlango unafunga, haumii.

Asubuhi anatolewa, anapimwa uzito, anawekewa alama ili akikamatwa tena ajulikane. Halafu kinaangaliwa kile kitu ambacho ndicho moyo wa stori hii: yuko tayari kuzaa au bado? Kwa jike wanaangalia kama uke umeshafunguka, kama chuchu zimevimba za kunyonyesha, wanapapasa tumbo kama lina mimba. Kwa dume wanaangalia kama kende zimeshuka. Mara moja haikuambii kitu. Lakini fanya hivyo mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, huku pembeni unaandika milimita za mvua... hapo picha inaanza kujichora yenyewe.

Na picha ni hii. Panya shamba hazai mwaka mzima. Anasubiri mvua. Hapa Morogoro kuna mvua za vuli mwisho wa mwaka na masika kuanzia Machi. Kwa mwaka wa kawaida uzazi unaanza mwezi mmoja hivi baada ya masika kushika, majani mapya na mbegu zikishakuwepo, na unaendelea mpaka kiangazi. Watoto wanaozaliwa kipindi hicho wakifika kiangazi wanasimama kukua. Ni wadogo, hawajakomaa, wanakaa hivyohivyo miezi mingi kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Mvua ya mwaka unaofuata ndiyo inawaruhusu wakue na kuzaa. Kwa utaratibu huo idadi yao inapanda na kushuka, lakini haivunji ukuta.

Balaa linakuja vuli ikinyesha nyingi. Majani yanachipua mapema, wale wadogo waliosimama wanakua upesi, wanakomaa na kuzaa kabla masika haijafika. Watoto wao nao wanakuta masika inashika, chakula kimejaa, wanakomaa na kuzaa mwaka uleule bila kusubiri. Yaani kinaingia kizazi kizima ambacho hakikuwepo kwenye ratiba. Fanya hesabu ya darasa la nne tu: jike mmoja watoto 11, chukulia 5 ni majike. Wakisubiri mwakani una 11. Wakizaa mwaka huohuo una 55 juu yake, na hapo tumehesabu uzazi mmoja mmoja tu. Wengi wanakufa, sawa, lakini mnanielewa. Kwenye mlipuko panya wanaweza kupita 1,000 kwa hekta moja.

Mwaka 1996 Leirs na wenzake walichapisha makala inayosema kwamba milipuko ya panya hawa inaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua za mwanzo wa msimu. Mwaka 1997 kazi yao ikatoka kwenye jarida la Nature, ambalo kwa wanasayansi ni kama kucheza fainali ya Kombe la Dunia. Humo walionesha kwamba mvua siyo yote: hata wingi wa panya wenyewe unaamua nani atapona na nani atakomaa lini. Mwaka huohuo 1997 Mwanjabe na Leirs wakaandika juu ya mfumo wa tahadhari ya mapema kwa wakulima wadogo wa Tanzania. Yaani mtu akae na kipimo cha mvua, aseme mapema: jamani, mwaka huu jiandaeni.

Niliposoma hapo nikakumbuka maneno ya bibi. Mvua za mwanzo zilikuja mapema, hazikukatika, watu wakafurahi.

Sitaki kudanganya mtu. Kumbukumbu ya bibi siyo kipimo cha mvua, na kwetu Kusini siyo Morogoro. Sehemu kubwa ya mkoa wa Lindi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, wakati hesabu nyingi nilizozisoma zinatoka kwenye shamba moja la hekta 3 chini ya milima ya Uluguru. Siwezi kuchukua kalenda ya hapa nikaibandika Kilwa. Lakini jambo la msingi linasafiri: mimba ya panya shamba inafuata mvua na majani mabichi, na wingi wake unaandaliwa miezi mingi kabla mkulima hajaona shimo la kwanza. Na kwenye pori na mashamba yaliyoachwa, ambako hakuna anayewasumbua, ndiko wanakozaliana na kujificha kabla ya kuhamia kwenye mazao. Nani alikuwa amepakana na mashamba yaliyoachwa? Bibi mkubwa. Kwa hiyo ni kweli panya walitokea upande wake! Watu waliona sawasawa. Walichokosea ni kumtafuta mama yao.

Pia nimeelewa kwa nini wakati wa kupanda ndio unaumiza. Kiangazi kinaisha, chakula porini hakuna, panya ni wengi na wana njaa, halafu mkulima anakuja kuwafukia punje kwenye mistari iliyonyooka. Sumu ikiletwa baada ya mbegu kuliwa, inaua panya wa leo, wa kesho wanaingia kutoka pembeni. Kuna watu walitumaini ndege na wanyama wanaokula panya watasaidia. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya mahindi hapa Morogoro, kwingine waliwawekea ndege hao miti ya kutua na masanduku ya viota, kwingine wakafunika kwa nyavu wasiingie. Haikuleta tofauti kubwa kwenye wingi wa panya. Bundi tunayemfukuza kwetu kwa kumwita mchawi siyo mchawi, ila peke yake hawezi kushindana na jike wa watoto 11.

Ndiyo maana miaka ya karibuni utafiti umerudi kwenye tumbo lenyewe. Badala ya kuua, wazuie kuzaa. Kuna homoni mbili, kwinestroli na levonogestreli, za ukoo mmoja na zile za uzazi wa mpango wa binadamu, Wachina walizijaribu kwanza kwa panya wa kwao. Mwaka 2018 Apia Massawe na wenzake walichapisha majaribio yao kwa panya shamba hapa Morogoro, homoni zikiwa zimechanganywa kwenye chambo. Dume waliokula chambo cha kwinestroli kende zilisinyaa na mbegu zao zikapungua, na majike nao mfuko wa uzazi uliathirika. Kutoka kwenye maabara mpaka kwenye shamba la mkulima wa Njinjo au Liwale bado ni safari, kwa sababu chambo kinabidi kiliwe na wengi, kwa wakati unaofaa, na kisiliwe na kuku wa jirani. Wakati unaofaa ni upi? Ni kabla hawajaanza kuzaa. Tunarudi palepale kwenye mvua.

Mtaniuliza, hasara yenyewe ni kubwa kiasi gani mpaka watu wasome nyeti za panya miaka yote hiyo? Makadirio ya Leirs ya mwaka 2003 ni kwamba kwa wastani panya walikuwa wanapoteza asilimia 15 ya mahindi ya Tanzania kwa mwaka, kama tani 412,500. Kwa nusu kilo kwa mtu kwa siku, hayo yangelisha watu milioni 2.3 mwaka mzima. Na hiyo ni wastani wa nchi nzima. Mwaka wa mlipuko haujui wastani, unakuja kwako unachukua shamba lote.

Basi Alhamisi nikasimama mbele ya darasa. Nilipoanza na chuchu 24 wakacheka. Nilipofika kwenye mashimo yaliyofuata mstari wakaacha kucheka, kumbe nusu ya darasa ni watoto wa wakulima. Dada mmoja wa Kilosa akasema kwao pia upo mwaka wa panya, na babu yake alikuwa anasema ni laana ya watu waliogombania mashamba. Yule kaka wa nyuma aliyenitania alinifuata nje akaniuliza kama nina hizo makala, anataka kumpelekea baba yake. Habari ya bibi mkubwa sikuisema darasani. Sikuwa na uhakika kama ningemaliza bila kulia.

Jana usiku nikampigia bibi kumpa majibu yake. Nilimweleza polepole, mvua, majani, watoto wanaosubiri, kizazi kisichokuwepo kwenye ratiba, mashamba yaliyoachwa. Alikuwa anaitikia "ehee, ehee". Nikamaliza kwa kusema, "Kwa hiyo bibi, bibi mkubwa hakuhusika kabisa."

Akasema, "Mimi nilijua hakuhusika, mke mwenzangu. Alikuwa dada yangu. Alipanda mara tatu kama sisi, na yeye ndiye aliyekosa zaidi yetu sote. Sasa hao waliomsema, wengine wamekufa, wengine wazee kama mimi. Utawaambia saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Nilichofikiria ni hiki. Mwaka 1989 elimu hii ilikuwa inaandikwa Morogoro, kwa Kiingereza, na Lindi ilikuwa ng'ambo ya kivuko. Siwalaumu watafiti, hata wao walikuwa bado hawajamaliza kuhesabu. Lakini pale ambapo maelezo hayajafika, watu hawakai bila maelezo. Wanatafuta ya kwao, na mara nyingi wanayakuta kwa mwanamke mzee, mjane, au asiye na mtoto. Leo daraja lipo na lami ipo (ingawa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukatia barabara kule Somanga tukakumbuka zamani), makala zipo, majina ya Kitanzania yamejaa humo. Ila kwenye masomo ya sekondari, tukifika mada ya uzazi, tunachora mfuko wa uzazi ubaoni, tunaweka mishale, tunafuta. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ile michoro inaweza kueleza kwa nini kijiji changu kililala njaa.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa. Nikienda mazoezi ya kufundisha nitaomba Lindi, na wakinipa mada ya uzazi nitaanza na panya shamba. Nitawapa wanafunzi kazi ya nyumbani: kaulizeni wazee, mwaka wa panya ulikuwaje, mvua zilianza lini, na nani alilaumiwa. Nina hakika hilo swali la mwisho litakuwa na majina. Na bibi nimemwahidi kwamba likizo tutakwenda wote kwenye kaburi la dada yake kule Lindi mjini, tumsomee, halafu tukirudi kijijini nitakaa barazani na wale wazee waliobaki niwaeleze habari za mvua. Kama watasikia, sijui. Bibi amesema atakuwepo, na atapika.

Nawe unayesoma, kama kwenu kuna mwaka wa panya, niandikie hapo chini. Usiandike jina la mtu, andika mwaka na mvua ilikuwaje.

Kwa leo naishia hapa. Wenzangu wamerudi, nasikia wanabishana nani apike. Jumatano nina tesiti ya kemia, niombeeni.